Mpende Jirani Yako, Gorogoro Mkononi

Somo la juma hili ni Mambo ya Walawi 19, aya zote 37. Lisome lote kwa mkao mmoja, na ukifika aya ya 18 usiipigie mstari hiyo peke yake.

Aya hiyo ndiyo Bwana Yesu aliyoitaja alipoulizwa amri iliyo kuu: umpende jirani yako kama nafsi yako. Tumeiimba, tumeichapisha kwenye fulana za kongamano la vijana, tumeibandika kwenye vioo vya matatu. Ilipotolewa mara ya kwanza haikuja na kinanda. Ilikuja katikati ya maagizo kuhusu pembe za shamba, ujira wa kibarua, kiziwi na kipofu, uchongezi, kinyongo cha ndugu, mgeni na mizani. Katika sura hiyo hiyo aliyoamuru upendo, Mungu alitaja efa na hini, vipimo vya sokoni. Efa ilikuwa kama lita 22, yaani debe letu na kidogo juu. Hini ni sehemu ya sita ya hiyo. Basi anayetaka kumwitikia Mungu aliyempenda asitafute mbali sana.

Ila msingi uwe wazi kwanza. Kuanzia aya ya 3 maneno "mimi ndimi BWANA" yanarudi mara 15, na katika aya ya 36, pale pale kwenye mizani, Mungu anakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Hakuwatoa kwa sababu mizani yao ilikuwa sawa. Walikuwa watumwa wa kufyatua matofali, mizani wangeitoa wapi? Paulo anasema vivyo hivyo katika Warumi 5:8, kwamba Kristo alitufia tulipokuwa tungali wenye dhambi, na Yohana anaweka mfuatano wazi: sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda kwanza. Mafundisho mengi ya siku hizi yanageuza mfuatano huo. Mtu anaambiwa apande mbegu, atume kiasi fulani kwa namba fulani ya simu, ndipo Mungu amwangalie. Hiyo ni hongo, na Mungu haipokei. Mama anayeuza sukuma wiki Kondele amekwisha pendwa kabla hajatuma hata shilingi. Anachobaki nacho ni kuitikia, na katika sura hii kuitikia kuna vipimo.

Tushike gorogoro basi, kopo la kupimia nafaka sokoni, maana wengi wetu Kisumu tunatoka ibadani Jumapili tukielekea soko la Kibuye. Kopo hilo, likijazwa sawasawa, huhesabiwa kuwa kilo 2 za mahindi. Makopo 45 hutimiza gunia la kilo 90. Namna za kulipunja zinajulikana. Kitako hugongwa kikaingia ndani. Chini huwekwa karatasi ngumu au nta. Mpimaji huzamisha kidole gumba ndani ya kopo kila anapochota. Na kuna ujanja mbaya kuliko wote: makopo mawili. Lililotanuliwa mdomo linakwenda naye shambani kununua kwa mkulima, tena kwa kilima juu. Lililobonyezwa linabaki mezani la kuuzia, tena kwa kufuta juu na kijiti. Kumbukumbu la Torati 25:13-14 haikatazi tu kulitumia la pili. Inakataza hata kuwa nalo, kwenye mfuko au nyumbani. Anayejua udhaifu wetu alijua kwamba kopo lililopo litatumika siku biashara ikiwa mbaya.

Anayetaka kujikagua apeleke kopo lake kwenye mizani ya posho mill, apime mara 3 likiwa limejaa kwa namna anayomjazia mteja, siyo namna anayojijazia mwenyewe. Uzito ukikosa kilo 2, achague moja: kubadilisha kopo, au kushusha bei kwa kadiri ya upungufu na kumwambia mnunuzi. Muuza omena naye ana mchanga wa kuuchekecha kabla hajapima, na muuza maziwa anajua maji yanaingia saa ngapi. Hao sina haja ya kuwafundisha.

Unyevu wa mahindi ni wizi usioonekana kwa macho, kwa hiyo tuukalie kidogo. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiuza gunia la kilo 90 likiwa na asilimia 18, mahindi yenyewe bila maji ni kilo 73.8. Yakikaushwa hadi 13.5, mnunuzi anabaki na kilo 85 na kidogo. Karibu kilo 5 zilikuwa maji, zaidi ya gorogoro 2, na amezilipia kwa bei ya mahindi. Hasara nyingine ni kubwa kuliko hiyo: mahindi mabichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini ambayo haiishi kwa kusaga wala kwa kupika ugali. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaangusha watu 317 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na 125 kati yao wakafa. Walawi 19:16 inatukataza kusimama tukitazama damu ya jirani iko hatarini. Mimi nasoma aya hiyo na kuona gunia lililofungwa kabla ya wakati.

Asiye na mashine ya kupima unyevu atumie chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15; rudisha mahindi juani, juu ya turubai na siyo juu ya udongo. Isipoganda umeshuka chini ya 15, lakini bado unadaiwa siku moja au mbili za jua kufikia 13.5. Linalowakosesha wengi ni chumvi yenyewe ikiwa imevuta unyevu jikoni: itaganda hata kwa mahindi makavu. Iweke juani kwanza.

Sasa kibarua. Aya ya 13 inasema ujira wake usilale kwako hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inatoa sababu: ni maskini, na moyo wake unautumainia. Kwa lugha ya Bungoma au Trans Nzoia, aliyevuna kwako leo atanunua unga wa leo kwa pesa ya leo. "Njoo Jumatatu" maana yake watoto walale njaa, au aende dukani kukopa. Ukichunguza kwa nini waumini wazuri wanalichelewesha jambo hili, mara nyingi siyo roho mbaya, ni mpango mbovu. Pesa ya mbolea wanaitenga mapema, ya mbegu wanaitenga, lakini ya vibarua wanaitegemea kutoka kwa mahindi yenyewe, na soko linachelewa kulipa. Dawa ni kuhesabu kabla ya kuita watu. Watu 6 kwa siku 3 ni ujira wa siku 18. Kama pesa ya siku 18 haipo mkononi, ita watu 2 uvune polepole. Ukilipa kwa simu, ongeza ya kutolea, la sivyo umemkata ujira kimyakimya. Na makubaliano ya kipande, iwe kwa gunia au kwa mstari, yasemwe asubuhi mbele ya mashahidi, maana ugomvi mwingi wa jioni huzaliwa na asubuhi isiyosema bei.

Nisipite bila kusema: yako makanisa yanayonunua spika mpya huku mlinzi wa lango akidai miezi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Spika hazitazifunika.

Pembe za shamba, aya ya 9 na 10. Mungu aliagiza zisivunwe, ziachiwe maskini na mgeni. Hakutaja kiasi, lakini walimu wa Kiyahudi baadaye waliweka kima cha chini: sehemu moja ya 60. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Ukipanda mistari kwa nafasi ya sentimita 75 unapata kama mistari 85. Moja ya 60 ni karibu mstari mmoja na nusu. Kama ekari ilikupa magunia 20, yaani kilo 1,800, fungu hilo ni kilo 30, gorogoro 15. Si jambo la kumfilisisha mtu. Angalia pia namna. Fungu hilo halivunwi na mwenye shamba likapelekwa kwa mjane pamoja na mpiga picha. Linaachwa limesimama, na mhitaji anakuja kuvuna mwenyewe kwa mikono yake. Ruthu alifanya kazi tangu asubuhi, akapura, akarudi kwa mkwewe na kama efa ya shayiri, debe na kidogo juu. Boazi, mwenye shamba, aliongeza mambo mawili ambayo sheria haikuyadai: aliwaagiza vijana wasimguse, na aliwaambia waangushe masuke makusudi bila kumkemea. Kwetu kosa la kawaida ni kuingiza ng'ombe shambani jioni ile ile mavuno yanapoisha. Wape waokotaji siku 2 kwanza, na uwajulishe mapema zinaanza lini. Asiye na shamba, mwenye duka au kibanda, ana pembe zake pia; atazijua akizitafuta.

Kiziwi asilaaniwe na kipofu asiwekewe kikwazo, aya ya 14, nitasema neno moja tu: hao hawawezi kukukamata. Ndiyo sababu aya inamalizia kwa kumcha Mungu.

Ndugu mwenye kinyongo amewekwa aya ya 17, mlangoni mwa amri yenyewe. Usimchukie moyoni, mwambie. Yesu alipanga hatua katika Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa chukua mmoja au wawili, akikataa tena ndipo kanisa. Sisi tunaanzia ya tatu. Jambo linatupwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa kama ombi la maombi, "tumwombee ndugu fulani, anapitia mambo," na kufikia saa tatu usiku mambo yote yameshajulikana isipokuwa kwa mwenyewe. Huo ndio uchongezi wa aya ya 16 umevaa kanzu. Hatua ya kwanza ina masharti madogo: uende kwake, usimwite kwako, usiende jioni ile ile ya hasira, taja tendo moja, siku na mahali, usitaje tabia yake yote tangu mlipofahamiana. Akikusikiliza, jambo limeishia hapo, na hata mkeo au mumeo hahitaji kulisikia.

Aya za 33 na 34 zinanirudisha Nakuru, na ningependa kuzipita lakini haiwezekani. Mgeni akaaye nanyi awe kama mzaliwa, umpende kama nafsi yako. Ni maneno yale yale ya aya ya 18, ila sasa jirani ametoka kabila lingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini Kenya, na Nakuru, Kisumu na Eldoret zote zilikuwamo katika moto huo. Wengi waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Jibu la aya hii halianzi mwaka wa uchaguzi. Linaanza mtu anapotamka "madoadoa", neno la kuwadharau watu wa kabila lingine wanaokaa kwenu, mezani kwako na wewe ukaamua kucheka au kumkatiza. Linaonekana katika kamati ya kanisa: angalia majina ya wazee, mweka hazina na viongozi wa akina mama, kisha angalia majina ya wanaoketi viti vya nyuma. Linaonekana unapokataa kumpangisha mtu nyumba baada ya kusikia jina lake la pili.

Huenda mtu amesoma hadi hapa na tayari anahesabu magunia ya mwaka jana. Sheria ina njia kwa ajili yake, Walawi 6:1-5: rudisha chote, ongeza sehemu ya tano juu yake, ndipo sadaka ifuate. Kama uliuza magunia 10 yenye unyevu wa asilimia 18, uliuza karibu kilo 47 za maji. Sehemu ya tano yake ni kilo 9 na ushei. Unadaiwa kilo 56. Mpe mwenyewe, kwa mahindi makavu au kwa bei ya leo. Kama ulipunja soko zima na huwezi kuwapata, Hesabu 5:8 inasema malipo yasiyo na wa kuyapokea ni ya Bwana. Yapelekwe kanisani kwa ajili ya wahitaji, bila kutajwa jina lako wakati wa matangazo. Kama aliyepunjwa anakaa benchi moja nawe, Mathayo 5:24 inataka uende kwake kwanza. Usiingoje Jumapili, nenda Jumamosi na gunia lenyewe, umwambie ni la nini, na bahasha yako ya sadaka iache nyumbani hadi urudi.