Neno Walilonyimwa Wanaume Kumi na Wanne

Nimekuwa nikitafsiri kitabu kidogo cha mafunzo kwa wasaidizi wa kisheria, na kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye ukurasa unaoeleza kesi ya Ireland dhidi ya Uingereza, iliyoamuliwa mjini Strasbourg, Ufaransa, tarehe 18 Januari 1978. Aya yenyewe haikuzidi mistari sita, lakini nilikaa nayo siku tatu. Ilisema kwamba Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kuwa watu fulani walitendewa kinyama na kudhalilishwa, ila ikakataa kwamba waliteswa. Kwa Kiswahili maneno hayo hayakai pamoja. Msomaji wangu wa Handeni au Kilwa atauliza mara moja: mtu aliyetendewa unyama kwa makusudi, akiwa amefungwa mikononi mwa askari wa serikali, anawezaje kuambiwa kwamba hakuteswa?

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, askari wa Uingereza waliingia katika mitaa ya Wakatoliki ya Belfast, Derry na miji mingine ya Ireland Kaskazini, jimbo lililo chini ya Uingereza, wakakamata watu zaidi ya 340 chini ya sheria iliyoruhusu mtu awekwe kizuizini bila kushtakiwa wala kufikishwa mbele ya hakimu. Lengo lilikuwa kuivunja IRA, kundi lililotoka zaidi miongoni mwa Wakatoliki na kushika silaha likitaka Ireland yote iwe jamhuri moja. Hata hivyo, majina mengi katika orodha za polisi yalikuwa yamepitwa na wakati, na miongoni mwa waliozolewa walikuwemo wanaharakati wa haki za raia. Katika msako huo wa kwanza hakukamatwa hata mtu mmoja wa makundi yenye silaha ya upande wa pili, yaani ya wale waliotaka jimbo libaki chini ya Uingereza.

Kati ya waliokamatwa, 12 walitengwa na wenzao, na wawili wakaongezwa mwezi Oktoba. Walivikwa mifuko myeusi vichwani, wakasafirishwa hadi mahali ambapo wao wenyewe, familia zao na mawakili wao hawakupajua; ilichukua zaidi ya miaka 40 kuthibitika kwamba palikuwa kambi ya jeshi ya Ballykelly. Huko walisimamishwa wakiukabili ukuta, miguu imetanuliwa na kurudishwa nyuma, mikono juu ya kichwa, uzito wa mwili ukibebwa na ncha za vidole, kwa saa nyingi. Mfuko haukuvuliwa isipokuwa wakati wa mahojiano. Chumba kilijaa mvumo mkubwa usiokatika. Walinyimwa usingizi, na chakula na maji wakapewa kwa kiasi cha kuwadhoofisha. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa mbinu tano, na ninaomba msomaji azione kama kitu kimoja, kwa sababu ndivyo zilivyotumika: zote kwa pamoja, juu ya mtu mmoja, siku baada ya siku.

Mbinu hizo hazikubuniwa Ballykelly. Kamati ya Lord Parker, iliyoundwa na serikali ya Uingereza na kutoa ripoti yake mwaka 1972, ilieleza kwamba zote au baadhi yake zilikuwa zimetumika hapo awali Palestina, Malaya, Kenya, Cyprus, Aden na kwingineko. Niliposoma jina la Kenya katika orodha ile nilisita, kwa maana tumezoea kuihesabu Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipopambana na Mau Mau, kuwa simulizi yetu peke yetu. Wengi katika kamati waliona mbinu hizo zinaweza kuendelea kwa masharti. Mjumbe mmoja, Lord Gardiner, alipinga, akaandika ripoti yake ya pekee kwamba hazikuwa na uhalali wowote kisheria, na mwezi Machi 1972 Waziri Mkuu Edward Heath akatangaza bungeni kwamba hazitatumika tena.

Jamhuri ya Ireland, nchi jirani iliyo huru, ilikuwa imekwisha kulifikisha shauri Strasbourg tangu Desemba 1971. Mwaka 1976 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyochunguza mashauri kabla hayajafika mbele ya Mahakama, iliamua kwa kauli moja kwamba mbinu tano zilikuwa mateso, na Uingereza haikuipinga hoja hiyo mbele ya Mahakama. Miaka miwili baadaye, kwa kura 13 dhidi ya 4, Mahakama yenyewe ikasema sivyo. Majaji walieleza kwamba neno hilo lina doa la pekee, na linapaswa kuwekewa ukatili wenye ukali wa kiwango cha juu kuliko huo. Ninaielewa nia ya kulinda uzito wa neno, lakini siikubali hoja. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Tanzania imepiga marufuku kuteswa, kuadhibiwa kinyama na kutwezwa kwa pumzi moja, wala haikuwaachia watesaji ngazi ya kujishikiza. Mahakama ya Strasbourg ilijenga ngazi, na wengine wakaipanda: mwezi Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliitumia hukumu hiyo katika waraka wa kubana maana ya mateso, ili mahojiano makali ya watuhumiwa wa ugaidi yasihesabiwe humo.

Jambo linaloniuma zaidi lilijulikana mwaka 2014, pale televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilipotangaza yaliyomo katika nyaraka za serikali ya Uingereza. Ndani yake kulikuwa na barua ya mwaka 1977 ambayo Merlyn Rees, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alimwandikia Waziri Mkuu James Callaghan. Rees alisema kwamba kwa maoni yake uamuzi wa kutumia mbinu za mateso Ireland Kaskazini ulifanywa na mawaziri, hasa Lord Carrington, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Alitumia neno lile lile, mwaka mmoja kabla ya majaji kuwanyima wanaume wale. Ireland ikaomba hukumu ipitiwe upya, na tarehe 20 Machi 2018 majaji sita kati ya saba wakakataa, wakisema kwamba nyaraka mpya zisingebadili uamuzi wa 1978.

Wakati huohuo Wakenya walikuwa wameshalipata neno hilo. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitamka bungeni kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na pauni milioni 19.9 zikatengwa kwa ajili ya walalamikaji 5,228 na gharama zao. Wale 14 wa Ireland Kaskazini walipata sehemu tu ya hilo. Mwezi Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba waliyotendewa yangeitwa mateso kwa vigezo vya leo, na kwamba polisi wa Ireland Kaskazini walivunja sheria walipoamua kutoendelea kuchunguza. Polisi wakaomba radhi mwaka 2023, na kufikia hapo baadhi ya wale 14 walikuwa wamekwisha kufa.

Sitaki kuandika kana kwamba maumivu yalikuwa ya upande mmoja. IRA nayo ilihoji watu katika nyumba za siri, ikawaua na kuwazika ambako watoto wao hawakuweza kupaona. Jean McConville, mama wa watoto 10, alichukuliwa nyumbani kwake Belfast mwaka 1972, na mabaki yake yakapatikana ufukweni mwaka 2003. Ripoti ya awali ya Kenova, uchunguzi wa polisi kuhusu mauaji ya namna hiyo, iliyotolewa Machi 2024, iliwataka serikali ya Uingereza na viongozi wa vuguvugu la jamhuri, yaani upande wa IRA, wote wawili, waziombe radhi familia. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 2023, iliyotaka kufunga kesi za madai na uchunguzi wa vifo vya enzi hizo za mapigano na kutoa kinga kwa watakaotoa taarifa, ilipingwa na familia za pande zote. Mwezi Januari 2024 Ireland ilirudi tena Strasbourg kuishtaki Uingereza, safari hii kwa sababu ya sheria hiyo.

Jana usiku nimemaliza ule ukurasa. Maneno ya hukumu nimeyatafsiri kama yalivyo, kwa kuwa mtafsiri hana mamlaka ya kuirekebisha mahakama. Nimemwomba mhariri aniruhusu kuongeza sentensi moja chini yake, inayoeleza kwamba majaji wanne walipinga na kwamba waziri wa serikali iliyoshtakiwa aliyaita mateso. Kichwa cha sehemu hiyo, ambacho katika kitabu cha awali kilikuwa namba tu, nimekiandika: Waliteswa Ballykelly. Ninasubiri jibu lake.