Mkopo wa mtu mwengine ulivyoingia kwenye jina langu, na nilivyoutoa

Mie ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba, nashona sare za skuli, na mwaka huu nilitaka mkopo ninunue ovaloki, mashine ya kumalizia pindo, kabla ya msimu wa Januari. Benki yangu wananijua, nimeshakopa kwao na nikalipa. Afisa mikopo akaingiza namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, akatazama kompyuta, akanambia, "Mama samahani, una mkopo chechefu benki nyengine." Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo benki mie sijawahi hata kuingia mlangoni mwake."

Mkopo chechefu ndo ule ulopita siku 90 haujalipwa. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, na kutoka huko zinachukuliwa na kampuni zenye leseni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, ndo zinazotengeneza ripoti anayoisoma afisa mikopo. Kuna kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 kuhusu mambo haya, na mwenye taarifa ana haki ya kuiona ripoti yake na kuipinga ikiwa si sahihi. Yule kijana wa mikopo, Mungu ampe kheri, akaniandikia kwenye kikaratasi ripoti ile imetoka kampuni gani, kwa sababu bila ya hivyo ningeanza kubabaisha tu.

Nikaiomba ripoti yangu kwa ile kampuni kwa imeili, nikaambatanisha picha ya kitambulisho. Ripoti ikaja kwa Kiingereza kitupu na vifupisho, nikakaa na mwanangu wa kike tukaisoma mstari mmoja mmoja, na hapo ndo tukaona. Jina ni langu, la baba na la babu vyote sawa, namba ya NIDA yangu, lakini namba ya simu siijui na anuani imeandikwa Konde. Jamani sisi Wapemba majina yetu mnayajua, mtaa mmoja tu unaweza kukuta wanawake watatu wenye majina matatu yale yale! Nikajua hapa kuna mtu wa haki kabisa alokopa, ila mkopo wake umebandikwa kwangu.

Nikawaandikia ile kampuni kuwa mkopo huu si wangu, nikataja mstari wenyewe, tarehe ya mkopo, kiasi, na sababu. Wakajibu vizuri tu kwamba wao hawawezi kufuta wanavyotaka, lazima waiulize benki ilopeleka taarifa. Basi na mie nikaona nisikae kusubiri, nende huko huko kwenye chanzo.

Nikenda tawi la benki hiyo Chake Chake na barua yangu, kopi ya NIDA, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu, kuwa mie mkaazi wa Wete. Dirishani nikaambiwa niache tu wataangalia, nikasema siachi mpaka kopi yangu ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Hili nalisisitiza sana kwa sababu bila ya mhuri kesho unaambiwa hatujaona barua, na wee huna cha kuonesha. Chini ya barua nilikuwa nimeandika nakala kwa Benki Kuu tawi la Zanzibar, na nahisi hapo ndo meneja akatoka mwenyewe. Akaagiza faili la mkopo, hakunionesha kwa sababu ni siri ya mtu na hapo nampa haki yake, ila nilimuona anaitazama picha ya mkopaji, akanitazama mie, akarudi kwenye picha. Akasema, "Mama, huyu siye wewe." Yule mwenzangu alikopa kwa kitambulisho cha Mzanzibari, halafu mtu wao akatafuta NIDA kwa jina akachukua ya kwangu.

Wakanambia imerekebishwa. Nikaomba ripoti mpya, mkopo bado upo! Nikarudi, nikawaambia kurekebisha kwenye kompyuta yenu hakunisaidii kitu mpaka mpeleke marekebisho kwenye kanzidata, na nataka barua inayosema mkopo ule si wangu. Nikawakumbusha na kwamba Benki Kuu wana dawati la malalamiko, wao wanataka uanze na benki unayoilalamikia kwanza, na mie nimeshaanza na mhuri ninao. Barua nikapewa siku ile ile.

Baadae ripoti ikaja safi, mstari ule haupo. Nikaomba na ya kampuni ya pili, maana afisa mikopo anaweza kuangalia yoyote, na kule nako ulikuwa umeshaondoka. Nikampelekea yule kijana ripoti zote pamoja na ile barua ya benki, akaziskani akaweka kwenye faili langu, na mkopo wa ovaloki ukapita.