Nilivyozipanga vitamini zangu tangu nianze kusafishwa damu

Tangu figo zangu zishindwe kazi nikaanza kusafishwa damu kwa mashine hapa Kisumu, wengi wanaonijulia hali hunihimiza ninunue vitamini ili nirudishe nguvu, na shemeji yangu alifika na chupa ya mafuta ya ini la samaki. Nilimshukuru, lakini kabla ya kuifungua niliipeleka kliniki pamoja na dawa zangu zote, nikamwomba mtaalamu wa lishe anieleze moja baada ya nyingine ipi inanifaa.

Kumbe mgonjwa wa figo hapungukiwi vitamini zote, nyingine humzidi. Vitamini A, iliyojaa katika mafuta yale, hujilimbikiza mwilini figo zinaposhindwa kazi, na mashine nayo haiitoi, hivyo ikizidi yaweza kudhuru ini na mifupa. Chupa ikarudi kwa mwenyewe. Vitamini za kundi B, asidi ya foliki na vitamini C, kwa kuwa huyeyuka katika maji, hupotea kila ninaposafishwa. Tena hupotea hata jikoni, kwani nimefundishwa kukatakata sukuma wiki na viazi, kuvichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga ili kupunguza potasiamu, madini ambayo nayo humzidi mgonjwa wa figo. Kwa hiyo niliandikiwa kidonge maalumu kisicho na vitamini A, ambacho siku za mashine nakimeza baada ya kusafishwa, maana nikitangulia kukimeza kitaishia kwenye maji machafu. Vitamini C iliyomo ni kidogo kwa makusudi: ikiwa nyingi huzalisha taka iitwayo oksaleti, ambayo figo zangu haziwezi kuitoa.

Iliyonichukua muda kuielewa ni vitamini D. Jua la Kisumu, mji ulio karibu kabisa na ikweta, halina upungufu, na ndugu zangu huniuliza kwa nini nisikae tu uani. Ni kweli kwamba ngozi huitengeneza vitamini hiyo kwa jua, kisha ini huibadilisha, lakini hatua ya mwisho inayoipa nguvu hufanyika hasa kwenye figo. Hatua hiyo ikikwama, kalsiamu hushuka katika damu, na fosforasi isiyotolewa hurundikana; ndipo tezi za parathairoidi shingoni humwaga homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Ndiyo maana natumia alfakalsidoli, aina ya vitamini D ambayo hukamilishwa na ini bila kuzihitaji figo.

Dawa hiyo haitaki mazoea. Naandika daftarini majibu ya kalsiamu, fosforasi na homoni ya parathairoidi, na kalsiamu ilipopanda daktari alinipunguzia dozi mara moja. Omena, yaani dagaa, ambayo kwa sisi watu wa ziwa kuikosa si jambo dogo, ina fosforasi nyingi kwa kuwa huliwa na mifupa yake. Nimeruhusiwa kuila kidogo, pamoja na kidonge cha kuzuia fosforasi, ambacho hakina maana kikimezwa vyombo vimeshaondolewa mezani.