Namba kwenye kava

Jumapili jioni, Mwanga, Kigoma.

Mwanangu wa darasa la tano anataka ruhusa ya kwenda kucheza San Andreas, lile la Grand Theft Auto, kwenye kibanda cha gemu. Eti wenzake wote wanacheza. Hao wote, ukiwauliza mama zao, nao wameambiwa hivyo hivyo.

Gemu hilo lilitoka 2004, na Ulaya lina alama ya PEGI 18, yaani namba ya kwenye kava inayosema ni la umri gani. Huko wana ngazi tano, 3, 7, 12, 16 na 18, tangu 2003. Wamarekani wana bodi yao ya kupanga umri, ESRB, ya 1994, iliyozaliwa baada ya Seneti kukaa vikao mwaka mmoja kabla juu ya damu ya gemu la kupigana, Mortal Kombat. Sawa, lakini pale kibandani diski ni za kunakili, jina limeandikwa kwa kalamu, kava hakuna. Namba nitaisomea wapi?

Basi nimekwenda mwenyewe. Nimebanana kwenye benchi na watoto walionitazama kama bwana afya, nikaangalia. Matusi ni ya Kiingereza, yanawapita. Kilichonikaa rohoni ni kwamba hadithi nayo inawapita. San Andreas ina kisa: kijana karudi nyumbani kumzika mama yake, na kuna kazi za kufuata. Hawa hawasomi maelekezo, hawafuati kazi yoyote. Wanaiba gari, wanagonga wapita njia, wanapigana na polisi, wakifa wanaanza upya. Kisa kimeondoka, yamebaki mauaji matupu.

Gemu la mpira nalo lina alama ya 3, na mimi silipitishi macho yamefumbwa. FIFA, ambalo tangu 2023 linaitwa EA Sports FC, lina pakiti unazonunua kwa pesa halisi bila kujua utapata mchezaji gani. Mwaka 2018 Ubelgiji walisema huo ni kamari, na mwaka uliofuata EA, kampuni inayolitengeneza, wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Kwa hiyo mpira ruksa, ila namba yangu ya siri ya kulipia kwa simu haijui mtu.

Halafu kuna bibi yake, mama mkwe wangu, aliyevuka ziwa kutoka Uvira, Kongo, wakati wa vita vya mwaka 1996. Juzi binamu alikuja na gemu la kupigana risasi kwenye simu, sauti juu, sebuleni. Bibi aliacha kuchambua mchele, akasema, "Baba, zima hiyo." Hakueleza, na hakuna aliyemuuliza. Hilo PEGI hawana alama yake, wala sidhani ni kazi yao. Risasi nyumbani kwangu hazitalia, hata za gemu lenye namba ndogo.

San Andreas nimemkatalia, na sababu nimemwambia. Amenuna mpaka wakati wa kula, kisha akauliza, "Mama, na mashindano ya magari?"

Kesho nikitoka sokoni nitapitia tena kibandani, niyaone hayo magari.