Giselle Juu ya Zege

Barua ya ukumbi ilisema jukwaa ni la mbao. Tukaiamini, maana ratiba ya ziara ilishatubana na hatukuwa na mtu wa kumtanguliza akakague. Tulikuwa kampuni ya baleti ya mkoa: wachezaji wachache wa kulipwa, mikataba ya miezi ya msimu tu, shule yetu wenyewe iliyotupatia wanafunzi wa kujazia safu za nyuma, na lori moja la vifaa. Mimi nilikuwa fundi wa jukwaa. Taa, mapazia na sakafu vilikuwa juu yangu, na katika hivyo vitatu, sakafu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Watazamaji hutazama miguu. Ni wachache wanaofikiria kilicho chini yake. Mchezaji akitua kutoka kwenye mruko, mguu unapokea mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Sakafu nzuri ya baleti hubeba sehemu ya mzigo huo: mbao zimelazwa juu ya fito, chini ya fito kuna vipande vya mpira au sponji, ikikanyagwa inabonyea kidogo kisha inarudi. Juu yake ndipo hutandazwa kapeti la vinaili ili mguu usiteleze. Kapeti tulisafiri nalo. Mbao za kutandika chini yake hazikuenea kwenye lori.

Tulifika mchana. Kabla sijashusha hata sanduku moja nilipanda jukwaani, nikaruka, nikatua kwa visigino. Mbao hujibu, zina mlio wa ndani kama ngoma iliyolegea ngozi. Pale hapakuwa na jibu. Nikafunua ukingo wa zulia la kijivu: vigae, na chini ya vigae, zege. Mzee mwenye funguo za ukumbi alishangaa. Kwaya zilikuwa zikiimba pale kila mwaka, na hakuna aliyelalamika. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba sakafu ya kuimbia si lazima iwe sakafu ya kuchezea.

Nikamwita mwalimu wa mazoezi. Ndiye aliyekuwa na kila hatua ya kila mchezaji kichwani, na akiugua yeye kampuni nzima hubabaika. Alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akakaa hivyo kitambo. Jioni ile tulikuwa tunacheza Giselle.

Giselle ilionyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Juni 1841, muziki wa Adolphe Adam, hatua za Jean Coralli na Jules Perrot, na Carlotta Grisi ndiye aliyecheza nafasi ya msichana huyo wa kijijini. Giselle anagundua kwamba mpenzi wake Albrecht ni mtoto wa kabaila aliyejifanya mkulima, tena ana mchumba wake. Anarukwa na akili, anakufa. Sehemu ya pili ni usiku, msituni, penye kaburi lake, ambako mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya ndoa huwachezesha wanaume mpaka wakate roho. Malkia wao, Myrtha, anamhukumu Albrecht acheze. Katika toleo letu Albrecht aliruka wima papo hapo, miguu ikipishana hewani, akatua, akaruka tena, na tena, mpaka ukumbi ukaanza kumhesabia. Hapo ndipo watu walipopigia makofi kila mji tuliokwenda. Juu ya zege, hapo ndipo mtu angevunjika.

Kampuni kubwa ina wachezaji kadhaa wanaoijua nafasi hiyo. Mmoja akiumia, mwingine anavaa. Sisi tulikuwa na mmoja, na aliyejifunza nafasi hiyo kwa akiba ndiye aliyekuwa akicheza Hilarion, yule mlinzi wa msitu. Muundi ukipata ufa mdogo tu, msimu umekwisha, si wake peke yake bali wetu sote. Mkurugenzi wa sanaa alifikiria kuahirisha. Lakini tiketi zilishauzwa, na ukumbi haukuwa na siku nyingine ya kutupa. Kuna aliyependekeza tutandike magodoro ya mazoezi chini ya kapeti. Nilikataa katakata. Sakafu laini kupita kiasi humeza ncha ya kiatu, na mwili ukigeuka, kifundo hubaki palepale.

Basi mwalimu akaketi ukingoni mwa jukwaa na penseli yake, akaanza kupunguza miruko. Kuingia kwa Myrtha hakukuguswa, kwa kuwa anapita jukwaa zima kwa vihatua vidogo vya ncha za vidole, mguu hauachani na sakafu. Shida ilikuwa ile mizimu inapokabiliana kwa safu mbili na kupishana, kila mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka nyuma. Miruko ile akaifanya hatua za kuteleza. Wasichana walisimama nyuma yake wakijifunza kwa mikono, kama wafanyavyo wachezaji wanapotunza miguu: viganja ndivyo nyayo, kiganja kikipinduka ni kugeuka, vidole vikiinuka ni kusimama kwenye ncha.

Halafu akafika kwa Albrecht.

“Mwalimu, ukinitoa miruko hiyo, nitaomba uhai kwa kitu gani?”

“Kwa kukimbia, mwanangu.”

“Hiyo si Giselle.”

“Hata hii unayoijua si ile ya 1841. Petipa, mtunzi wa hatua, aliigusa kule Urusi. Paris wenyewe waliiacha miaka mingi, mpaka Warusi walipowarudishia mwaka 1910. Isingeguswa, tusingekuwa nayo.”

Kijana hakuridhika, na mimi nilimwelewa. Tangu utotoni alikuwa amejenga mwili wake kwa ajili ya dakika ile, na sasa anaambiwa akimbie. Aliondoka bila kusema neno. Lakini alirudi, akauliza aanzie kona ipi.

Muziki wetu ulikuwa wa kurekodiwa, kwa hiyo hakuna kondakta wa kutusubiri. Mbio zile zilipaswa kuingia ndani ya mapigo yaleyale ya miruko. Walizijaribu huku mimi nikibandika maungio ya kapeti kwa utepe mpana. Kwenye ngazi ya nyuma wasichana walikuwa wakigonga viatu vyao ukutani. Ncha ya kiatu hicho ni matabaka ya kitambaa na gundi yaliyokauka yakawa magumu, na kwenye zege hulia ko, ko, ko. Mzimu hauwezi kulia hivyo. Waligonga mpaka ncha zikalegea kiasi cha kunyamaza, huku wakijua kwamba viatu vile havitafaa tena kesho.

Jioni ile Albrecht alikimbilia kona moja, mizimu ikanyoosha mikono na kumgeuzia nyuso. Akakimbilia kona nyingine, hivyohivyo. Akaanguka, akainuka, akakimbia tena kabla magoti hayajanyooka. Kutoka pembeni nilikuwa nasikia pumzi zake juu ya muziki. Makofi ya katikati hayakuwapo. Nimeiona sehemu hiyo kwa macho ya fundi mara nyingi, jicho kwenye taa, mkono kwenye kamba, na usiku ule nilisahau taa ya alfajiri mpaka msaidizi wangu aliponigusa bega. Wakati wake ulikuwa haujapita.

Hakuna aliyeumia. Kwenye basi mwalimu na kijana walikaa mbalimbali, barafu miguuni mwa kijana kama kawaida. Mimi siamini kwamba miruko ile ni pambo tu. Ni mizuri, na ina maana yake. Ila naamini pia kwamba kampuni ndogo inayowapelekea watu baleti pasipo na jukwaa la baleti lazima iijue kazi yake kwa kina kiasi cha kuweza kuifumua na kuishona upya kati ya mchana na jioni, na mwalimu wetu aliijua hivyo.

Mji uliofuata ulikuwa na mbao halisi. Kijana aliruka miruko yake yote, juu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha yeye mwenyewe akamwomba mwalimu mbio zile ziwekwe kabla ya miruko. Wakakata mapigo machache ya dansi iliyotangulia, zikaingia, na toleo letu halikuwahi kuchezwa tena bila mbio hizo.