Mwalimu wa nidhamu: siku yangu moja, na fimbo haimo

Saa 12:40 asubuhi nipo getini. Watu wakisikia mwalimu wa nidhamu wanawaza viboko tu, kumbe nusu ya kazi ni kusalimiana. Naanza mimi, tena kwa jina, maana mtoto uliyemwita jina asubuhi mchana anaona haya kukukimbia. Anayepita kimya namwambia "hebu rudi upite tena", anacheka, anasalimia, yameisha.

Saa 1:15 wachelewaji, walewale. Naandika kwenye daftari na sababu, sio jina peke yake. Sababu ikijirudia wiki nzima jua kuna jambo nyumbani.

Saa 2 mpaka saa 4 vipindi. Ndio, nafundisha pia, hakuna aliyenipunguzia.

Saa 4:30 sasa. Mzazi kaingia ofisini bila hodi wala salamu, "nipe simu ya mtoto, sina muda". Jana tulimkuta mwanawe anachezea simu darasani, na kwenye fomu ya sheria imeandikwa simu anaifuata mzazi. Namwambia karibu kiti mzee, hataki. Namwonyesha fomu yenye sahihi yake, anasema alisaini hakusoma, kwani mimi nani, kwani shule ya nani, mara kampigia mtu simu anishtakie hapohapo mbele yangu, na mtoto kasimama mlangoni anaangalia viatu vyake muda wote huo. Nikanyamaza. Ningejibu nini na kila siku nawaambia wanafunzi washushe sauti? Dakika 40 nzima! Mwisho kasaini, kanyakua simu, kaondoka. Mtoto akabaki, akauliza taratibu, "mwalimu, na baba utamwandika?"

Nikamwambia daftari halina safu ya wazazi, nenda darasani.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Wawili wamepigana kwenye foleni ya maji, kisa mmoja karuka mstari na kumtukana mwenzie mama. Nimewatenga, kila mtu na karatasi yake aandike alichofanya yeye, sio alichofanyiwa. Hapo ndio hasira zinashuka, ila inachukua muda jamani, mmoja kaandika mistari miwili akalia. Katikati naletewa malalamiko kwamba kiranja anawapangisha wadogo mstari kwa matusi, naye nikamweka pembeni, sio mbele ya wenzake.

Jioni sauti imekauka. Madaftari 45 hayajasahihishwa, na zile karatasi mbili bado sijazisoma zote.