Nilivyopima namna wagonjwa waliobadili jinsia wanavyopokelewa Dar

Ushauri wa kwanza niliopewa ulinichosha: chukua dodoso la Marekani, tafsiri, gawa. Kule Human Rights Campaign, shirika la kutetea haki za mashoga na waliobadili jinsia, wana kipimo cha hospitali tangu 2007, kinachoangalia mambo kama sera iliyoandikwa ya kutobagua na mafunzo ya wafanyakazi. Hapa kwetu, ambako mwaka 2017 serikali ilizuia vituo binafsi 40 kutoa huduma za VVU kwa madai ya kuhamasisha ushoga, zahanati gani itakuonyesha sera hiyo? Zote zingepata sifuri, na nisingejua nani anahudumia na nani anafukuza.

Kuuliza moja kwa moja nako ni kazi bure. Kila muuguzi atakwambia, "Mgonjwa ni mgonjwa, hatubagui."

Nikatunga kisa, fomu mbili. Mgonjwa ana miaka 26, anakohoa wiki mbili, anatoka jasho usiku, amekonda. Fomu ya kwanza inaishia hapo. Ya pili ina sentensi moja zaidi: amevaa gauni, anajitambulisha kama mwanamke, kadi ya bima ina jina la kiume. Swali ni lile lile, utaanza na nini? Kila mhudumu wa afya alipata fomu moja, asijue kuna nyingine.

Kikohozi cha wiki mbili ni kupima makohozi kuangalia kifua kikuu, hilo halina mjadala. Fomu ya kwanza karibu wote waliandika hivyo. Ya pili nilisoma "apelekwe kwa daktari wa akili", wakati WHO ilishaliondoa jambo hili kwenye magonjwa ya akili katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Mmoja aliandika kwa kalamu nyekundu: "Kwanza athibitishe jinsia." Mtu anakohoa!

Wagonjwa wenyewe usiwasubiri hospitalini. Aliyefukuzwa jana, leo yuko duka la dawa. Mmoja alinipeleka kwa mwenzake, naye kwa mwingine. Majina sikuandika, na tulikokutana sitaji. Wao ndio walionifumbua macho: wengi hawakufika hata kwa daktari, waligeuzia kwa mlinzi getini au pale jina la kwenye kadi lilipoitwa kwa sauti mbele ya foleni. Kwa hiyo walinzi na watu wa mapokezi nao wapewe fomu.

Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, fuatilia hata wakikuzungusha. Nauli na fotokopi hazikufika laki mbili.

Matroni wa kituo kimoja ameomba fomu zote mbili awafundishie wauguzi wapya, na pale sasa wanaita namba ya foleni, si jina.